Anachoamini Mmarekani na anachokitaka

Novemba 3, 2020, wapiga kura wa jimbo la Florida walikabidhiwa karatasi ndefu yenye mambo mengi ya kuamua. Juu yake palikuwa na majina ya wagombea urais. Chini zaidi palikuwa na pendekezo la kubadili katiba ya jimbo ili kima cha chini cha mshahara kipande hatua kwa hatua, kutoka dola 8.56 kwa saa hadi dola 15 ifikapo Septemba 2026. Donald Trump, ambaye chama chake cha Republican kilikuwa kikiipinga dola 15 waziwazi, alishinda jimbo hilo kwa asilimia 51. Pendekezo la mshahara lilihitaji asilimia 60 ili lipite, na likapata karibu 61. Ukihesabu kura moja moja, mshahara uliwashinda wagombea wote wawili: zaidi ya watu milioni 6 waliukubali, idadi ambayo Trump hakuifikia, wala Joe Biden aliyekuwa akiuhubiri.

Aliyezoea kumwona mpiga kura akifuata chama chake toka mwanzo wa karatasi hadi mwisho atajiuliza watu hawa wana msimamo gani. Je, wanataka serikali iwaache waajiri wapange mishahara wenyewe, au wanataka iwabane? Karibu miaka tisini ya utafiti wa maoni nchini Marekani inaonyesha kwamba wanataka yote mawili, na hawadanganyi kokote. Wanaamini jambo moja, wanahitaji jingine. Sera ya uchumi ya taifa lile imekuwa ikitegemea ni lipi kati ya hayo mawili limeulizwa, limeulizwa na nani, na mwenye madaraka ameamua kulisikia lipi.

Utafiti wa maoni wa kisasa ulizaliwa wakati wa dhiki. Oktoba 1935 serikali ya Franklin Roosevelt ilikuwa ikitoa mabilioni kuwapa kazi na chakula watu walioachwa mikono mitupu na Mdororo Mkuu. Mwezi huo George Gallup, kijana kutoka Iowa aliyekuwa ameweka ofisi yake Princeton, New Jersey, alichapisha magazetini matokeo yake ya kwanza. Aliuliza kama fedha ambazo serikali inatumia kwa misaada na kufufua uchumi ni nyingi mno, ni chache mno au zinatosha. Asilimia 60 walijibu kwamba ni nyingi mno. Mwaka mmoja baadaye taifa hilo hilo lilimrudisha Roosevelt Ikulu kwa karibu asilimia 61 ya kura, akichukua majimbo 46 kati ya 48.

Uchaguzi huo wa 1936 ndio uliompa Gallup jina. Jarida la Literary Digest lilikuwa limetuma karatasi zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, kisha likatangaza kwamba mshindi angekuwa Alf Landon wa Republican. Majina yake liliyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika mwaka ule mwenye simu na gari hakuwa mtu wa kupanga foleni ya mkate. Gallup alihoji watu wachache mno akilinganishwa na jarida hilo, lakini aliwachagua wafanane na taifa lao, na akamtaja mshindi sahihi. Miaka miwili baadaye Literary Digest lilikuwa limekufa.

Historia hiyo husimuliwa kama ushindi wa sayansi dhidi ya wingi wa karatasi, na ni kweli. Kilichosahaulika ni lile swali la 1935. Lilikuwa limeonyesha tayari kwamba watu wanaweza kuilaumu serikali kwa ubadhirifu asubuhi, na jioni wakampigia kura yule yule anayetumia.

Waliolieleza jambo hilo kwa takwimu ni Lloyd Free na Hadley Cantril. Cantril alikuwa profesa wa saikolojia Princeton, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alimfanyia Roosevelt tafiti za maoni kimyakimya. Mwaka 1964 wawili hao waliwahoji Wamarekani kwa njia mbili. Kwanza waliwauliza mambo ya jumla, kama vile iwapo serikali ya Washington inaingilia mno mambo ya watu. Halafu waliwauliza mambo ya kushikika: je, serikali isaidie shule, matibabu ya wazee, makazi, ajira? Katika maswali ya jumla, asilimia 50 walionekana kuwa wahafidhina na 16 tu wakawa waliberali, yaani watu wanaotaka serikali ifanye mengi zaidi kwa ajili ya wananchi. Katika maswali ya kushikika mambo yaligeuka: waliberali wakawa asilimia 65, wahafidhina 14. Kitabu chao kilitoka mwaka 1967, na hakuna utafiti mkubwa uliofuata ambao umelivunja hitimisho lake.

Mwaka ule ule wa utafiti wao, Barry Goldwater wa Republican aligombea urais akihubiri serikali ndogo bila kificho, akidokeza kwamba hata hifadhi ya jamii ya wazee ingefaa kuwa ya hiari. Mahubiri ya jumla yaliwapendeza wengi. Hifadhi ya jamii ilipoguswa, watu walikimbia. Rais Lyndon Johnson alimshinda kwa asilimia 61, na Julai 30, 1965 akasaini sheria ya Medicare, bima ya afya ya wazee, huko Independence, Missouri, mbele ya Rais mstaafu Harry Truman.

Wanasiasa walijifunza haraka. Mwenye kutaka kupunguza matumizi ya serikali huzungumza kwa jumla. Mwenye kutaka kuyaongeza hutaja mgonjwa, mzee na mtoto wa shule. Na waulizaji maswali, wakitaka wasitake, huangukia upande mmoja. Utafiti uitwao General Social Survey, unaoendeshwa na taasisi ya NORC ya Chuo Kikuu cha Chicago tangu 1972, umefanya jaribio rahisi kwa miaka mingi. Nusu ya wahojiwa huulizwa kama taifa linatumia fedha chache mno kwa ajili ya "welfare", jina la posho za serikali ambalo kwa Wamarekani wengi limefungamana na picha ya mtu asiyetaka kufanya kazi, na mara nyingi picha ya mtu mweusi. Nusu nyingine huulizwa kuhusu kuwasaidia maskini. Wa kundi la kwanza wanaosema fedha hazitoshi huwa robo tu au pungufu. Wa kundi la pili hukaribia theluthi mbili. Maskini ni wale wale.

Agosti 22, 1996, wiki chache kabla ya uchaguzi, Bill Clinton alisaini sheria iliyoweka ukomo wa miaka mitano kwa familia kupokea posho hizo kutoka fedha za serikali kuu. Alikuwa rais aliyesoma matokeo ya tafiti kwa bidii kuliko wengi waliomtangulia, na tafiti zilimwambia kwamba hatua hiyo inapendwa. Walichokuwa wameulizwa watu, hata hivyo, kilihusu jina lenye kisirani. Akina mama waliopoteza posho baada ya miaka mitano hawakuwa jina.

Hakuna mahali ambapo tofauti hii imegharimu na kuokoa maisha kama kwenye bima ya afya. Sheria ya Affordable Care Act, ambayo wapinzani waliibatiza Obamacare, ilisainiwa Machi 23, 2010. Miezi minane baadaye chama cha Democratic kilipoteza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi. Kwa miaka kadhaa tafiti zilionyesha wanaoichukia sheria hiyo ni wengi kuliko wanaoipenda. Lakini taasisi ya KFF, iliyokuwa ikiuliza maoni kuhusu sheria hiyo karibu kila mwezi, iliuliza pia kipande kwa kipande. Je, kampuni za bima zizuiwe kuwakataa wagonjwa? Je, vijana wabaki kwenye bima ya wazazi hadi miaka 26? Hapo wengi waliitikia ndiyo, wafuasi wa Republican wakiwamo. Kipande kilichowaudhi kilikuwa kile cha kumlazimisha kila mtu kuwa na bima.

Kentucky ni mfano wa kusikitisha na wa kufundisha kwa pamoja. Gavana Steve Beshear aliitekeleza sheria hiyo jimboni kwake kwa jina la Kynect, na maelfu kwa maelfu wakajiandikisha. Mei 2014 watafiti wa Chuo cha Marist waliwahoji wapiga kura wa huko. Asilimia 57 walisema hawaipendi Obamacare. Waliosema hawaipendi Kynect walikuwa 22 tu. Mtu aliweza kutibiwa kwa kadi ya Kynect, kisha akampigia kura mgombea aliyeahidi kuing'oa Obamacare mpaka mizizi.

Mwaka 2017 ahadi hiyo ilifika mahali pa kutekelezwa, na ndipo maoni yalipogeuka. Kwa mara ya kwanza watu waliona orodha ya vitu watakavyovikosa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Quinnipiac wa Machi mwaka huo uliwakuta asilimia 17 tu wakiunga mkono mswada wa kuiondoa sheria. Baraza la Wawakilishi liliupitisha mswada hata hivyo Mei 4, kwa kura 217 dhidi ya 213. Katika Seneti, jaribio la mwisho lilianguka alfajiri ya Julai 28, pale seneta John McCain wa Republican, aliyekuwa akiugua saratani ya ubongo, alipotoa kidole gumba na kukielekeza chini. Mwaka uliofuata wapiga kura waliwanyang'anya Warepublican Baraza la Wawakilishi. Sheria ile ile iliyowaangusha Wademokrati mwaka 2010 ilikuwa imewainua mwaka 2018.

Kuna tatizo jingine linaloyafanya majibu ya uchumi yawe magumu kusomeka, nalo ni rangi ya chama. Wiki moja kabla ya uchaguzi wa Novemba 2016, Gallup ilikuta asilimia 16 ya wafuasi wa Republican wakisema uchumi unaboreka. Wiki moja baada ya ushindi wa Trump, walikuwa 49. Wafuasi wa Democratic walishuka kutoka 61 hadi 46. Katika siku zile bei za vyakula, ajira na mishahara havikuwa vimebadilika kwa lolote la maana. Kilichobadilika ni jina la rais ajaye. Jambo hilo hilo lilijirudia Biden alipoingia, kwa upande wa pili, na tena Trump aliporudi.

Hata hivyo kuna taasisi zinazolazimika kuyachukulia majibu hayo kwa uzito mkubwa. Tangu 1946, Chuo Kikuu cha Michigan kimekuwa kikizihoji kaya kuhusu hali zao na matarajio yao, kazi iliyoanzishwa na George Katona, mzaliwa wa Hungaria. Juni 2022 bei nchini Marekani zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.1 ndani ya mwaka, kasi ya juu kabisa tangu 1981. Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imeashiria kupandisha riba kwa asilimia 0.5. Siku chache kabla ya kikao chake, matokeo ya awali ya Michigan yalionyesha watu wanatarajia mfumuko wa bei wa asilimia 3.3 kwa mwaka katika miaka mitano hadi kumi ijayo, na wakuu wa benki waliogopa kwamba matarajio hayo yakiota mizizi yatajitimiza yenyewe. Riba ikapandishwa kwa asilimia 0.75, hatua ambayo haikuwa imechukuliwa tangu 1994. Mwenyekiti Jerome Powell aliyataja matokeo ya Michigan mbele ya waandishi kuwa miongoni mwa sababu. Wiki iliyofuata chuo kilitoa hesabu kamili: asilimia 3.1. Uamuzi ulikuwa umeshapita.

Riba ziliendelea kupanda hadi kuvuka asilimia 5 mwaka 2023, na fedha za wawekezaji duniani zikakimbilia dola. Nairobi, dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa takriban shilingi 117 katikati ya 2022 ilikaribia shilingi 160 Januari 2024. Waagizaji wa bidhaa Dar es Salaam walihangaika kutafuta dola kwenye mabenki. Februari 2024 Kenya ililazimika kukopa dola bilioni 1.5 kwa hatifungani yenye riba ya asilimia 9.75 ili kukabili deni lililokuwa likiiva Juni. Madeni ya Kenya yana sababu zake za nyumbani, na si haki kuibebesha Benki Kuu ya Marekani lawama yote. Lakini kaya chache za Michigan, Ohio au Texas zilizopokea simu na kusema zinahofia bei zilikuwa na sauti katika jambo lililomgusa mfanyabiashara wa Gikomba na Kariakoo, ambaye hakuna aliyempigia simu.

Afrika Mashariki iko pia ndani ya swali jingine wanaloulizwa Wamarekani mara kwa mara: ni sehemu gani ya bajeti ya serikali yao kuu inakwenda kwenye misaada ya nje? KFF imekuwa ikiuliza hivyo kwa miaka, na wastani wa majibu huwa karibu robo ya bajeti nzima. Ukweli ni takriban asilimia 1. Katika utafiti wake wa mwanzoni mwa 2025, karibu sita kati ya kila kumi walisema nchi yao inatumia fedha nyingi mno kwa misaada hiyo. Walipoambiwa ni asilimia 1, walioshikilia jibu lao walibaki theluthi moja hivi.

Dhana hiyo ndiyo ardhi ambamo maamuzi ya 2025 yalioteshwa. Januari 20, siku ya kuapishwa kwake, Trump aliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90. Julai 1 shirika la misaada la USAID likakoma kufanya kazi. PEPFAR, mpango wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa na George W. Bush mwaka 2003 na ambao dawa zake zimewaweka hai mamilioni ya Waafrika, ulitikiswa. Kenya, Tanzania na Uganda, wafanyakazi wa miradi waliachishwa kazi na kliniki zilizotegemea fedha hizo zikapunguza huduma au kufunga milango. Mtu aishiye na virusi vya UKIMWI aliyefika kituoni na kukuta kufuli alikuwa akilipia bajeti iliyokuwamo vichwani mwa watu tu. Ni vigumu kutaja kosa la hesabu lililoumiza zaidi ya hilo katika siasa za karne hii.

Tafiti zenyewe nazo zimechoka. Mwaka 1997 kituo cha utafiti cha Pew kilipata majibu kutoka asilimia 36 ya namba za simu kilizopiga. Mwaka 2018 kilipata asilimia 6. Baada ya uchaguzi wa 2020 chama cha watafiti wa maoni nchini humo kilikiri kwamba makosa ya utabiri wa kitaifa yalikuwa makubwa kuliko wakati wowote katika miaka 40. Kelele nyingi hupigwa juu ya kukosea mshindi. Lakini kosa la asilimia tatu au nne, linaloweza kugeuza utabiri wa urais, halibadili chochote pale theluthi mbili ya watu wanapokubaliana juu ya jambo, na katika uchumi wanakubaliana mara nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Kikwazo kikubwa kimekaa kati ya jibu na sheria. Mwaka 2014 Martin Gilens na Benjamin Page walichapisha uchambuzi wa maswali 1,779 ya sera yaliyoulizwa kati ya 1981 na 2002, wakalinganisha majibu na kile serikali ilichofanya baadaye. Walikuta matakwa ya matajiri na ya makundi ya maslahi yakivuta sera, huku ya mtu wa kipato cha kati, yakitengwa peke yake, yakiwa na nguvu iliyokaribia sifuri. Wasomi wengine waliwapinga kwa hoja nzito: katika karibu tisa kati ya kumi ya maswali hayo, matajiri na watu wa kati walitaka kitu kimoja. Hoja hiyo inapunguza makali ya matokeo bila kuyafuta. Bado ni pale wanapotofautiana ndipo nguvu ya kila mmoja hupimwa.

Chukua tena mshahara. Kima cha chini cha taifa ni dola 7.25 kwa saa, na hakijaguswa tangu Julai 2009. Aprili 2021 Pew iliwakuta asilimia 62 wakitaka kipande hadi 15. Mwezi mmoja kabla, pendekezo la seneta Bernie Sanders la kufanya hivyo lilikuwa limeanguka Seneti kwa kura 58 dhidi ya 42, maseneta kadhaa wa Democratic wakijiunga na wapinzani. Kinyume chake, Julai 4, 2025 Trump alisaini sheria kubwa ya kodi na matumizi ambayo karibu theluthi mbili ya wahojiwa wa KFF walikuwa wakiiona kwa jicho baya, na ambayo ilipita Seneti kwa kura ya makamu wa rais JD Vance baada ya sare ya 50 kwa 50. Ndani yake mna ushuru wa asilimia 1 kwa fedha taslimu zinazotumwa nje ya nchi, ushuru ambao pendekezo la kwanza liliuweka asilimia 5 na ambao Wakenya na Watanzania wa huko waliufuatilia kwa hofu.

Ndiyo maana wanaharakati wa majimbo yanayoruhusu kura ya maoni wamekuwa wakiwaruka wabunge na kuwauliza wananchi moja kwa moja. Kwa njia hiyo upanuzi wa bima ya Medicaid kwa watu wa kipato cha chini uliidhinishwa Idaho, Utah na Nebraska mwaka 2018, Oklahoma na Missouri mwaka 2020, na South Dakota mwaka 2022, yote majimbo yaliyompa Trump ushindi wa wazi.

Novemba 2024 Missouri ilimpa Trump zaidi ya asilimia 58 ya kura. Siku hiyo hiyo zaidi ya asilimia 57 walipitisha pendekezo la kupandisha mshahara hadi dola 15 na kuwapa wafanyakazi likizo ya ugonjwa yenye malipo. Likizo hiyo ilianza Mei 1, 2025. Wafanyabiashara walilalamika, Bunge la jimbo likapiga kura kuifuta, na Julai gavana Mike Kehoe akasaini. Agosti 28 haki hiyo ilikoma, ikiwa na umri wa chini ya miezi minne.